Programu kama Mizani ya Istilahi: Ufundishaji wa Kriptografia na Tarakilishi za Kwanta katika Shule za Upili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna kriptografia na taaluma ya tarakilishi za kwanta zinavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili katika shule za upili kwa njia ya uandishi wa programu. Hoja yake kuu ni kwamba programu fupi inayoandikwa na mwanafunzi ina kazi mbili: humfunza dhana, na papo hapo huipima istilahi ya Kiswahili iliyotumiwa kuieleza dhana hiyo. Istilahi isiyoafikiana na matokeo ya programu hujifichua yenyewe darasani. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa hatua nne za somo: mchezo wa kinyume na msimbo wa Caesar, msimbo wa RSA, kyubiti, na ubadilishanaji wa ufunguo kwa fotoni. Mwishoni, makala yanapendekeza nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu katika kazi hii.

1.0 UTANGULIZI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, katika shule za upili Hisabati, Fizikia na masomo ya tarakilishi hufundishwa kwa Kiingereza. Mnamo 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hivyo basi, kizazi kizima cha wanafunzi kinaingia katika taaluma mpya, na swali la lugha itakayowafafanulia taaluma hiyo halijajibiwa kikamilifu.

Yapo maoni kwamba dhana za kwanta ni nzito mno kwa kijana wa kidato cha pili au cha tatu. Jerome Bruner, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu mchakato wa elimu, alishikilia kwamba somo lolote laweza kufundishwa kwa namna iliyo sahihi kwa mtoto wa umri wowote, mradi lifikishwe kwa njia inayolingana na kiwango chake. Mafunzo ya namna hii yamekwisha kujaribiwa kwingineko. Nchini Kanada, Taasisi ya Kompyuta za Kwanta ya Chuo Kikuu cha Waterloo imewahi kuwakusanya wanafunzi wa sekondari na kuwafunza kriptografia ya kwanta. Nchini Marekani, mwaka 2020, shirika la The Coding School kwa ushirikiano na kampuni ya IBM lilianzisha kozi ya tarakilishi za kwanta iliyowalenga wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo uwezo wa vijana si jambo la kubahatisha tena. Linalobaki ni kuchunguza jinsi somo hilo linavyoweza kusimama kwa Kiswahili.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kubainisha istilahi chache. Kriptografia ni taaluma ya kuugeuza ujumbe ili usomwe na yule tu mwenye ufunguo. Kitendo cha kuugeuza ni kusimba, na cha kuurejesha katika hali yake ni kusimbua. Anayesikiliza mazungumzo ya wengine kwa siri, Kiswahili kina neno lake la tangu zamani: mdukizi. Neno hilo litatumika humu badala ya mdukuzi, ambalo siku hizi hurejelea zaidi mtu anayevamia mitambo ya wengine.

2.0 KUTOKA KINYUME HADI MSIMBO WA CAESAR

2.1 Kinyume na dhana ya ufunguo

Waswahili walikuwa na mbinu za kuficha usemi kabla ya tarakilishi kubuniwa. Kinyume ni mchezo wa lugha ambapo silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni: kitabu huwa bukita, na nyumba huwa mbanyu. Edward Steere aliuonyesha mchezo huo katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka kwanza mwaka 1870. Mwanafunzi anaweza kuandika programu ya kinyume katika lugha ya Python kwa mistari michache. Akifanya hivyo atagundua jambo la kwanza la kiisimu: tarakilishi haijui silabi ni nini. Ni lazima aieleze kwamba silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na kwamba mb, ny au ng' ni mwanzo mmoja, haugawanyiki. Kanuni za fonolojia ambazo hukaririwa kwa ajili ya mtihani hugeuka kuwa maagizo yanayotenda kazi.

Jambo la pili ni udhaifu wa kinyume. Aliyeijua mbinu mara moja amezijua siri zote. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alieleza kanuni ambayo ingali msingi wa taaluma hii: usalama wa msimbo utegemee usiri wa ufunguo, wala si usiri wa mbinu. Kinyume kina mbinu lakini hakina ufunguo. Msimbo unaohusishwa na Julius Caesar unao ufunguo, ingawa ni mdogo: kila herufi husogezwa mbele kwa hatua kadhaa, naye inasemekana alizisogeza tatu. Kwa hatua tatu, neno habari huwa kdedul.

2.2 Marudio ya herufi katika Kiswahili

Katika karne ya 9, mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad alieleza namna ya kuvunja misimbo ya aina hii. Katika kila lugha zipo herufi zinazojitokeza mara nyingi kuliko nyingine. Anayezihesabu herufi za ujumbe uliosimbwa anaweza kukisia herufi ipi imevaa vazi la ipi. Programu ya kuhesabu ni fupi:

matini = open("matini.txt").read().lower()
for herufi in "abcdefghijklmnopqrstuvwxyz":
    print(herufi, matini.count(herufi))

Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na humwambia mwanafunzi kwamba herufi inayoongoza ni e. Akilitumia agizo hilo kwa neno kdedul, atachukua d kuwa e, na jibu lake litakuwa lefevm, neno lisilo na maana. Akihesabu herufi za ukurasa wowote wa Kiswahili ataona kwamba inayoongoza, tena kwa mbali, ni a. Akiichukua d kuwa a, habari inarejea papo hapo. Neno moja ni fupi mno kwa ushahidi, lakini ukurasa mzima hutoa matokeo yaleyale.

Kiswahili kina dalili nyingine zinazomsaidia mvunja msimbo. Takriban kila neno huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya mkopo kama maalum. Kwa hiyo herufi za mwisho za maneno yaliyosimbwa zitajikusanya katika alama tano tu, na alama hizo ndizo irabu. Hali kadhalika, katika tahajia sanifu herufi c haisimami peke yake. Hufuatwa na h daima. Alama yoyote ambayo kila mara hufuatwa na alama ileile yaelekea kuwa c. Aidha, herufi q na x hazimo katika maneno ya kawaida. Somo hili basi haliwezi kutafsiriwa tu kutoka Kiingereza. Ni lazima liandikwe upya na mtu anayeijua sarufi ya Kiswahili, na matokeo ya programu ndiyo yatakayomsuta aliyepuuza jambo hilo.

3.0 MSIMBO WA RSA NA SWALI LA VIGAWO

Katika misimbo iliyotajwa, mtumaji na mpokeaji hushiriki ufunguo mmoja. Tatizo ni jinsi ya kuufikisha ufunguo wenyewe bila mdukizi kuupata njiani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kulitatua tatizo hilo, na mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni msimbo unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Hapa funguo ni mbili: wa wazi, ambao kila mtu huruhusiwa kuujua na kuutumia kusimba, na wa siri, unaotumiwa kusimbua.

Mfano mdogo unatosha darasani. Chukua nambari tasa 3 na 11. Zao lake ni 33. Ufunguo wa wazi ni 3 pamoja na 33. Wa siri ni 7 pamoja na 33. Ujumbe ukiwa 4, mtumaji huipandisha 4 hadi kipeo cha 3, apate 64, kisha huigawa kwa 33 na kuchukua baki, yaani 31. Mpokeaji huipandisha 31 hadi kipeo cha 7, huigawa kwa 33, na baki huwa 4. Katika Python, pow(4, 3, 33) na pow(31, 7, 33) hutoa majibu hayo mara moja.

Mwanafunzi ataona upesi kwamba anayeweza kuigawanya 33 kuwa 3 na 11 anaweza kuukokotoa ufunguo wa siri. Kwa 33 ni kazi ya dakika moja. Kwa nambari yenye tarakimu mia sita na zaidi, kama zile za RSA ya biti 2048, hakuna tarakilishi iliyotangazwa kuiweza kazi hiyo hadi leo. Hapa istilahi za Hisabati zinahitaji uangalifu. Kigawo na kigawe huchanganywa mara kwa mara, ilhali kigawo ni nambari inayoigawa nyingine bila baki, na kigawe ni zao la nambari fulani. Mwanafunzi anayeagizwa atafute vigawe vya 33 na kuifuata istilahi hiyo kikamilifu ataandika programu inayochapisha 33, 66, 99 bila kikomo. Kosa la neno moja linaonekana kwenye kioo cha tarakilishi.

4.0 KYUBITI NA MAJARIBIO YA ISTILAHI NNE

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba tarakilishi ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kutafuta vigawo vya nambari kubwa kwa haraka. Ili kuufahamu ugunduzi huo, mwanafunzi hana budi kuifahamu kyubiti. Biti ya kawaida huwa 0 au 1. Kyubiti huelezwa kwa nambari mbili, moja kwa ajili ya 0 na nyingine kwa ajili ya 1. Nambari hizo zaweza kuitwa vimo, kwa kufananishwa na vimo vya wimbi la bahari, ambalo huinuka juu ya usawa wa maji na kushuka chini yake. Kwa hiyo kimo kinaweza kuwa chanya au hasi. Kimo kikizidishwa kwa chenyewe hutoa uwezekano wa kuipata 0 au 1 pindi kyubiti inapopimwa.

Je, hali hii ya kyubiti kuwa na vimo vyote viwili iitweje kwa Kiswahili? Istilahi nne zinaweza kufikiriwa: mseto, sambamba, mpandano na mjumlisho. Programu ifuatayo inaonyesha lango la Hadamard, ambalo huibadilisha kyubiti, likitumiwa mara mbili mfululizo:

sifuri, moja = 1, 0
for hatua in range(2):
    sifuri, moja = (sifuri + moja) / pow(2, 0.5), (sifuri - moja) / pow(2, 0.5)
    print(hatua + 1, pow(sifuri, 2), pow(moja, 2))

Baada ya hatua ya kwanza, uwezekano wa 0 na wa 1 ni nusu kwa nusu. Baada ya hatua ya pili, uwezekano wa 0 unarejea kuwa 1, au tarakimu iliyoikaribia mno, na wa 1 unakuwa 0.

Istilahi ya mseto inavutia kwa sababu kila mtu amekula mseto wa mchele na pojo. Hata hivyo, kilichokwisha kuchanganywa chunguni hakitenganishwi kwa kukorogwa tena. Mwanafunzi aandike programu nyingine ya kurusha sarafu mara mbili. Ataona kwamba baada ya mrusho wa pili matokeo yangali nusu kwa nusu. Kama kyubiti ingekuwa mseto, lango la pili lisingeweza kuirejesha 0 kwa hakika. Programu imeikataa istilahi hiyo. Isitoshe, fizikia ya kwanta inayo dhana nyingine ambayo kweli ni mchanganyiko wa uwezekano, na neno mseto linafaa kuwekwa akiba kwa ajili yake.

Istilahi ya sambamba inapotosha kwa namna nyingine. Humfanya mwanafunzi adhani kwamba tarakilishi ya kwanta hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja kisha huteua lililo sahihi. Lau ndivyo, upimaji ungeleta jibu lolote kwa bahati tu. Katika programu, vimo viwili vya 1 vilikutana, kimoja chanya na kingine hasi, vikafutana. Ufundi wa Shor uko hapo: kuyapanga mahesabu ili vimo vya majibu mabaya vifutane na vya majibu mema vijengane.

Mpandano unakaribia ukweli, kwani mawimbi hupandana. Walakini, miongoni mwa vigezo vya kuunda istilahi vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na Kibuuka Kiingi, kimo kigezo cha kuepuka maneno yenye kuleta aibu. Kitenzi pandana hutumiwa pia kwa wanyama wanapojamiiana, na mwalimu wa kidato cha pili anajua vicheko vitakavyofuata.

Inabaki mjumlisho, nomino inayoweza kuundwa kutokana na kitenzi jumlisha. Haina mvuto wa mseto, lakini inasema hasa kinachotendeka: vimo vinajumlishwa, na nambari hasi ikijumlishwa na chanya zaweza kufutana. Alama ya kujumlisha imo ndani ya programu yenyewe, na mwanafunzi anaiona kwa macho yake. Istilahi na msimbo vinasema neno moja.

Baada ya hapo, mbinu ya Shor inaweza kuonjeshwa kwa nambari 15. Mwanafunzi huipandisha 7 kwa vipeo vya 1, 2, 3 na 4 huku akichukua baki baada ya kugawa kwa 15. Hupata 7, 4, 13 na 1, kisha mfuatano unaanza upya. Mzunguko ni wa hatua nne. Nusu yake ni hatua ya pili, ambayo baki lake ni 4. Akitoa 1 kwenye 4 hupata 3. Akiongeza 1 hupata 5. Hivyo ndivyo vigawo vya 15. Kuupata mzunguko huo kwa nambari kubwa ndiyo kazi inayoishinda tarakilishi ya kawaida, na ndiyo kazi pekee ambayo tarakilishi ya kwanta hukabidhiwa. Mwaka 2001 watafiti wa IBM na wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipata 3 na 5 kutoka 15 kwa kutumia kyubiti saba.

5.0 UFUNGUO UNAOMFICHUA MDUKIZI

Fizikia inayotishia misimbo ya zamani imeleta pia kinga. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza njia ya kubadilishana ufunguo iitwayo BB84. Tuseme Asha anataka kushiriki ufunguo na Bakari. Asha huteua biti kwa bahati na kuituma kila moja kwa fotoni, ama katika mkao wa msalaba ama katika mkao wa mshazari. Bakari naye hupima kila fotoni katika mkao aliouteua kwa bahati. Baadaye wanatangaziana mikao yao hadharani, bila kutaja biti zenyewe, na kubakiza zile ambazo mikao ililingana, yaani takriban nusu.

Mdukizi akiingia katikati, hana budi kuipima fotoni ili aisome, naye hajui mkao wake. Nusu ya mara hukosea. Kila anapokosea, kipimo cha Bakari huwa cha bahati, na nusu ya vipimo hivyo hutofautiana na biti ya Asha. Kwa hiyo robo ya biti zilizobakizwa huharibika. Wakilinganisha biti 20 hadharani kisha kuzitupa, uwezekano wa mdukizi kutoonekana ni robo tatu iliyozidishwa mara 20, yaani takriban 3 katika 1000.

Somo hili linaweza kuanza bila umeme. Wanafunzi watatu, sarafu na kadi zilizochorwa mistari zinatosha. Kisha programu ya kuteua nambari kwa bahati hurudia mchezo uleule mara elfu kumi, na robo inajitokeza kwenye kioo. Ni muhimu mwalimu akiri wazi kwamba programu hiyo ni mwigo: inaigiza kanuni za fotoni, haizitumii fotoni. Neno mwigo litenganishwe na neno jaribio, la sivyo mwanafunzi atadhani amethibitisha sheria ya maumbile ilhali ameitii tu sheria aliyoiandika mwenyewe.

6.0 CHANGAMOTO NA MAPENDEKEZO

Umuhimu wa somo hili hauko mbali. Ujumbe uliosimbwa leo waweza kuhifadhiwa na mdukizi mwenye subira hadi siku atakapopata tarakilishi ya kuusimbua. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya misimbo iliyokusudiwa kuzihimili tarakilishi za kwanta. Kijana aliyeko kidato cha pili atakuwa mtu mzima wakati mabenki, hospitali na serikali zinapobadilisha funguo zao. Raia asiyeweza kuyajadili mabadiliko hayo kwa lugha anayoimudu atabaki kuambiwa tu kwamba mambo ni salama.

Changamoto ni tatu. Kwanza, amri za lugha ya Python, kama vile for na print, ni za Kiingereza. Hata hivyo, majina ya vigeu yanaweza kuwa ya Kiswahili, kama ilivyoonyeshwa, na mwanafunzi akaisoma programu yake kama anavyosoma sentensi. Pili, istilahi zilizopo hazilingani: wengine husema tarakilishi, wengine kompyuta. Tofauti hiyo haidhuru, kwa kuwa maneno yote mawili yanataja kitu kilekile. Inayodhuru ni ile ya mseto na mjumlisho, ambapo neno linabeba fikra isiyo sahihi. Tatu, walimu wa Fizikia wanaozijua dhana na walimu wa Kiswahili wanaozijua kanuni za uundaji istilahi hukutana kwa nadra.

Makala haya yanapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni viandae masomo mafupi ya aina hii kwa ajili ya vyama vya Kiswahili vya shule za upili, vikishirikiana na wanafunzi wa Hisabati na wa tarakilishi. Aidha, kila istilahi inayopendekezwa iandamane na programu fupi ya kuipima. Orodha za istilahi zimekwisha kuandikwa nyingi, na baadhi yake hazikuwahi kutamkwa darasani.

7.0 HITIMISHO

Imebainika kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mzigo wa kriptografia na wa tarakilishi za kwanta, mradi kisibebeshwe tafsiri tupu. Marudio ya herufi yalidai sarufi ya Kiswahili. Vigawo vilidai usahihi wa msamiati. Kyubiti ilizikataa istilahi tatu na kuikubali moja. Katika kila hatua, mwamuzi alikuwa ni matokeo ya programu, ambayo hayapendelei neno kwa uzuri wake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kazi ya mwalimu wa karne hii ni kuwapa wanafunzi wake lugha ya kuligangulia.